Tawi Bichi la Njia Panda

Baba yangu, Mahona, alikuwa na kasoro nyingi. Nitataja mbili tatu tu, kwa sababu nyingine zilikuwa za mama kuzisamehe, na mama alifariki kabla hajamaliza kazi hiyo. Kubwa kuliko zote ni kwamba alijua njia za nchi nzima, lakini akishasema neno hakujua namna ya kurudi nyuma.

Alikuwa kirangozi. Siku hizi ukisema kirangozi watu wanakutazama tu, kwa hiyo nieleze. Kabla ya reli, misafara ilitoka pwani kuja Tabora, na kutoka Tabora ikaenda Ujiji, watu mia tatu au mia tano, kila mmoja na mzigo wake begani. Kirangozi ndiye aliyetangulia. Wa mwisho angeweza kuwa nyuma yake kwa saa nzima, na porini vijia ni vingi: cha wawindaji, cha warina asali, cha ng'ombe waendao majini. Mtu aliyelemewa na mzigo hainui macho, anafuata kijia chochote kilicho mbele ya miguu yake. Basi kirangozi akikuta kijia kisicho cha safari, alikifunga. Alikata tawi bichi, akalilaza kukatiza kijia, kitako chake kikielekea upande wa kwenda, akachora mstari ardhini kwa kisigino. Wa nyuma wakiona tawi wanajua kwamba si huku.

Kila kirangozi alikuwa na alama yake. Ya baba ilikuwa mistari miwili, wa pili mfupi. Na tawi lilipaswa kuwa bichi. Tawi kavu ni habari ya zamani, pengine limeachwa na msafara wa mwaka jana, halimzuii mtu. Haya baba aliyasema kwa uzito ambao watu wengine wanauweka kwenye sala.

Reli ilipofika Tabora, wakati wa Wajerumani, kazi yake ikafa. Hakulia, lakini hakupanda garimoshi hata siku moja. Alijenga Ibambilo, mwendo wa siku mbili magharibi ya Tabora, kando kidogo ya njia ileile ya Ujiji, kana kwamba msafara ungeweza kupita tena na kumhitaji. Akalima mtama na karanga, akatundika mizinga. Jioni alimfundisha kaka yangu Lugembe kufunga njia, wanazunguka nyuma ya nyumba wakikata matawi. Mimi nilikuwa nikitwanga. Hiyo haikuwa kazi ya wanawake, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Lugembe aliondoka mwaka wa nzige. Shamba lote liliisha kwa siku mbili, na mwajiri wa mashamba ya mkonge alikuwa anakusanya vijana wa kwenda Tanga. Asubuhi ya safari baba alimshika bega, mbele yangu na mbele ya mume wangu Justus, akamwambia:

"Ukirudi, shuka Tabora. Shika njia ya Ujiji. Siku ya pili, jua likiwa utosini, utafika njia panda yenye mawe matatu. Pinda kushoto. Utanikuta. Mimi sihami."

Hilo neno la mwisho ndilo lililotutesa. Lugembe alisema atakaa miaka miwili. Ikapita miwili, ikapita minne. Ilikuja barua moja, aliyoandikiwa na mtu, na katekista akatusomea: hajambo, anasalimu, atakuja. Haikuwa na jina la shamba wala anwani. Baba aliihifadhi ndani ya kibuyu na hakutaka isomwe tena, alisema ameshaisikia.

Kisha wakaja watu wa malale. Walikuja na hadubini na sindano, wakatupanga foleni na kutushika shingo mmoja mmoja kutafuta uvimbe. Ibambilo walipata watu saba. Justus alikuwa mmoja wao, naye alikuwa amechelewa. Mwezi mzima alilala mchana na kukesha usiku, na mwisho hakunijua. Nilibaki na binti yetu Bernadeta, wa miaka minne, nikarudi nyumbani kwa baba.

Mwaka uliofuata Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, akatoa amri. Watu wote waliotawanyika kwenye njia ile ya zamani wahamie mahali pamoja, upande wa kaskazini, ambapo msitu utafyekwa hadi mbung'o wakose kivuli. Watu wakapaita Kambini. Kila mtu awe amehama kabla ya mvua, na nyumba za zamani zitachomwa ili asirudi mtu.

Mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, aliitwa Silasi. Alikuwa Mmoraviani, mtu mpole, na alijua nyumba yetu ingekuwa ngumu, ndiyo maana alituacha wa mwisho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunihamisha?"

"Si mimi, mzee. Ni serikali. Na serikali inasema kweli kuhusu hao mbung'o."

"Sijasema inasema uongo," baba akajibu. "Mwanangu ataifuata njia niliyomwelekeza. Akikuta majivu atafanya nini?"

"Ataulizia."

"Amuulize nani? Si mnawahamisha wote? Kutoka hapa hadi karibu na Tabora hapatakuwa na jogoo wa kuwika. Na Lugembe haulizi, Silasi. Tangu mdogo haulizi."

Hapo alisema kweli. Kutouliza walirithishana. Silasi akanywa maji niliyompa, akaondoka.

Siku ya kuchoma walikuja askari wawili. Walichoma nyumba ishirini na sita. Ya baba hawakuigusa, kwa sababu alikaa mlangoni na mkuki magotini, na yule askari mkubwa alikuwa mvivu wa kuandika maelezo. Mimi nilikuwa nimeshafunga mizigo. Nilimbeba Bernadeta mgongoni, nikamwambia baba tunakwenda. Akasema, "Nendeni." Hakunyanyuka.

Kambini hapakuwa mahali pa kumpendeza mtu. Nyumba zilipangwa kwa mstari kama meno, na ulisikia jirani akikohoa. Lakini palikuwa na kisima, na zahanati ya banda, na Bernadeta alicheza mchana kutwa bila kuumwa na mdudu yeyote. Mwezi wa kwanza nilipachukia. Mwezi wa pili nilijikuta nimefagia uwanja na kupanda maboga, na sikumwambia mtu.

Kila wiki nilimpelekea baba unga. Ni mwendo wa kuanzia alfajiri hadi mchana: kutoka Kambini hadi njia panda ya mawe matatu, halafu Ibambilo. Mwanzo wa pori palikuwa na kibanda cha mlinzi, Abasi, ambaye kazi yake ilikuwa kushika wavu na kuwakamata mbung'o waliong'ang'ania migongo ya wapitaji. Kila niliporudi alikuta watano, sita. Alikuwa akiwaweka ndani ya chupa na kunionyesha.

"Dada, hawa wamekufuata kutoka huko kwa mzee wako. Mwambie awalishe yeye."

Nilicheka, lakini nilikuwa na hasira, na hasira ile sikuwa naielekeza kwa mbung'o. Kila nilipofika Ibambilo, baba aliupokea unga na swali lake la kwanza lilikuwa, "Hujasikia lolote la Lugembe?" Hakuuliza habari za Bernadeta mpaka nimtaje mwenyewe. Alikuwa amekonda. Nguruwe walikuwa wamelifukua shamba lake, nyasi zilifika dirishani, na yeye alikaa pale mlangoni akitazama njia kana kwamba amepewa zamu.

Mwezi wa nne nikaanza kuumwa kichwa. Halafu siku moja nilisinzia nikiwa nasaga, katikati ya mchana, mkono juu ya jiwe. Nilikuwa nimemwona Justus akisinzia hivyohivyo, kwa hiyo sikumsubiri mtu aniambie. Nilikwenda mwenyewe zahanati. Mganga alinishika shingo, akachukua damu, akachungulia hadubini yake, akasema nimewahi, nina bahati. Nililazwa bandani kwa sindano. Bernadeta akachukuliwa na mke wa Silasi.

Wiki ya kwanza ikapita bila unga kwenda Ibambilo, na ya pili. Sikumtuma mtu. Nani angekubali kutumwa kule? Na nikiri tu: nilitaka aone.

Wiki ya tatu, adhuhuri, baba akasimama mlangoni mwa banda. Mtu aliyewaongoza watu mia tano hadi ziwani alikuwa ameipita zahanati mara mbili kwa sababu ya zile nyumba za mstari, na ilibidi amuulize mwanamke aliyekuwa anachota maji. Alikuwa na vumbi hadi magotini.

"Hukuja," akasema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hukuja."

"Naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Kile alichoumwa Justus."

Akatafuta mahali pa kukaa, hapakuwa na kiti, akachuchumaa. Niliona anaitazama shingo yangu. Ndipo nikasema, na sijutii hata leo.

"Baba, mbung'o wameniuma njiani kuja kwako. Nimekuletea unga mara kumi na sita, na mara kumi na sita umeniuliza habari za Lugembe. Lugembe ameondoka. Mimi sijaondoka, niko hapa. Nikifa utaletewa unga na nani? Na Bernadeta atalelewa na nani, na hiyo njia panda yako?"

Wagonjwa wengine waligeuza nyuso ukutani kwa adabu.  Baba alichuchumaa hapo hadi jua likapinda, kisha akaniuliza Bernadeta yuko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole nyumba ya Silasi. Akaenda.

Asubuhi mke wa Silasi aliniambia kwamba mzee alilala kwao, alikula pamoja na mtoto, na alfajiri akaondoka kuelekea porini. Basi nikajua amerudi mlangoni pake. Nililia kwa uchungu, si kwa huzuni. Nilisema moyoni kwamba sina baba tena, na neno hilo lilinipa nafuu kidogo, jambo lililonitisha.

Siku ya tatu akaja tena. Begani alibeba jiwe la kusagia la mama, ambalo watu wawili huliinua kwa kusaidiana. Mkono mmoja kigoda chake na mwingine mkuki. Alilitua jiwe mlangoni mwa banda, akakaa juu yake akihema.

"Nimefunga njia," akasema.

Sikuelewa. Akaeleza, bila kunitazama usoni. Alikwenda hadi njia panda ya mawe matatu, akakata tawi, akalilaza kukatiza njia ya kushoto, njia ya nyumbani kwake mwenyewe, kitako kikielekea kaskazini. Akachora mistari miwili. Halafu akaja kaskazini, na kila kijia kisichokuja Kambini alikifunga. Vilikuwa tisa.

"Na nyumba?"

"Nimeichoma. Yule askari angeichoma vibaya."

Hilo ndilo lote alilosema kuhusu nyumba aliyoishi miaka ishirini na tano. Akaulizia sindano zimebaki ngapi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia swali lake likianza na mimi.

Nilipona. Baba akajenga kwenye mstari kama wengine, ingawa aliusogeza mlango wake utazame kusini, na Silasi akajifanya hajaona. Alilalamika kuhusu kila kitu: majirani, kengele ya zahanati, maji ya kisima. Lakini alilima, na alimfundisha Bernadeta kutega kwale. Na kila baada ya siku kumi na tano aliamka mapema, akachukua shoka, akaenda kubadilisha matawi, maana yalikuwa yanakauka. Abasi alimtoa mbung'o kwa wavu na kumwita Bwana Njia. Nadhani alilipenda jina hilo.

Mwaka wa pili miguu ikaanza kumsumbua. Asubuhi moja akaniita.

"Chukua shoka. Twende nikuonyeshe."

"Kazi ya wanawake hiyo?"

"Nani amekuuliza hilo? Chukua shoka."

Tulikwenda polepole, yeye kwa fimbo. Tulipofika kijia cha kwanza akafungua mdomo aanze somo, lakini mimi nilikuwa nimeshakata tawi la mninga, nikalilaza, kitako kikielekea upande wa kwenda, nikachora mistari miwili, wa pili mfupi. Baba akatazama muda mrefu.

"Nani alikufundisha?"

"Wewe. Ulikuwa unamfundisha Lugembe, mimi natwanga."

Akazunguka lile tawi, akalisogeza kidogo kwa fimbo, ingawa halikuhitaji kusogezwa.

"Sikujua kama unatazama," akasema. Na baada ya hatua chache: "Mstari wako mwepesi. Mvua kidogo tu utafutika. Kanyaga kwa hasira, hasira unazo."

Nilikanyaga kwa hasira vijia vinane vilivyobaki. Tulicheka sana siku hiyo. Sikumbuki siku nyingine ambayo nilicheka na baba, na ninasema hivyo bila kumlaumu.

Alifariki kipupwe kilichofuata, kwa kifua. Tulimzika Kambini. Siku mbili kabla alikuwa ameniuliza kama matawi ni mabichi, nikamwambia ndiyo, na ilikuwa kweli.

Watu walidhani nitaacha. Silasi alinijia kwa upole wake, akasema nimefanya vya kutosha, miaka inakwenda, na pengine Lugembe ana watu wengine huko aliko, au hayuko. Nilimwambia nitafikiri. Lakini siku ya kumi na tano ilipofika niliamka na kuchukua shoka. Sitadai kwamba nilifanya kwa upendo mtupu. Kaka yangu nilikuwa nimemkasirikia miaka mingi kwa kupendwa bila kuwepo. Mwanzoni nilikwenda kwa ajili ya marehemu. Baadaye nikagundua kwamba ninaipenda ile njia, kuamka nikatangulia mwenyewe bila mtu mbele yangu. Wanawake wenzangu kisimani walinitania kwa kuniita kirangozi. Nikawazoea, kisha nikaanza kuitika.

Yakapita mavuno matatu. Vita vya Wazungu vilikuwa vimeanza tena, na vijana wa Kambini walikuwa wanaandikishwa. Siku hiyo nilikuwa uwanjani natwanga mtama. Juzi yake tu nilikuwa nimetoka njia panda. Nikasikia mtu anakuja mbio, mbio za mtu mzima aliyechoka, na sanduku la bati likigongagonga begani.

Alikuwa na mvi. Mkono wa kulia ulikosa vidole vitatu. Nilimjua kwa mwendo kabla ya sura.

"Josepha!"

Akanishika mabega, akaniachia, akanishika tena, sanduku bado begani. Maneno yalimtoka yote kwa mara moja. Mashine ya mkonge ilimkata vidole mwaka wa tatu, hakutaka baba amwone hivyo, akasema nitarudi nikipata hiki, nikipata kile, miaka ikaenda. Akashuka Tabora, hakumwuliza mtu. Akatembea siku mbili hakuona moshi hata mmoja, magofu tu na nyasi. Aliamini wote tumekufa.

"Nikafika mawe matatu, nikasema nitakwenda kulala juu ya makaburi yao. Nikaliona tawi! Mistari miwili, wa pili mfupi. Nikaangua kilio, dada. Na majani bado mabichi! Nikajua mzee yu hai. Amepita hapa jana au juzi, na uzee wake ule. Nikafuata kijia kwa kijia, tisa nimevihesabu, kila kimoja amenifungia. Nimekimbia tangu kijia cha nne."

Alikuwa anacheka, anatazama nyuma yangu, mlango hadi mlango, kwenye ule mstari wa nyumba.

"Yuko wapi?"

 Nikauegemeza mchi kwenye kinu. Nikasogea pembeni kidogo penye vumbi laini, nikakanyaga kwa kisigino kama nilivyofundishwa, nikachora mstari mmoja, na chini yake wa pili, mfupi.

Lugembe akaitazama mistari ile. Akautazama mguu wangu. Kisha taratibu, kwa ule mkono wenye vidole viwili, akatua sanduku chini.